Umeme katika Dunia Nyembamba

Kila mtu aliyepita darasa la fizikia amesikia jina la Coulomb, Mfaransa aliyepima nguvu ya umeme mwaka 1785. Alionyesha kwamba chaji mbili huvutana au husukumana, na kwamba nguvu hiyo yapungua upesi kadiri chaji zinavyotengwa. Ukizidisha umbali mara mbili, nguvu yabaki robo. Ukizidisha mara kumi, yabaki sehemu moja ya mia. Sisi walimu twafundisha jambo hilo kila mwaka. Wanafunzi huliandika katika madaftari, na siku ya Mtihani wa Serikali hulirudisha jinsi walivyolipokea. Ni wachache wanaouliza: kwa nini robo? Kwa nini isiwe nusu?

Sisi ni walimu wawili, mmoja wa fizikia na mmoja wa hesabu, katika shule ya sekondari huku Kivu. Shule yetu ina ubao mzuri na chaki haikosekani, lakini kabati la vyombo limebaki na mizani moja na sumaku mbili. Basi swali la namna hiyo likija twalipokea kwa furaha, kwa sababu ni swali linalojibiwa kwa chaki.

Jibu ni hili. Wekeni taa katikati ya nyumba. Mwanga wake waenda juu, chini na pande zote. Penye mita moja kutoka taa, mwanga umetandazwa juu ya tufe dogo. Penye mita mbili, mwanga uleule umetandazwa juu ya tufe ambalo uso wake ni mkubwa mara nne. Hakuna mwanga uliopotea, ila kila mahali pamepata robo tu. Nguvu ya umeme hutawanyika vivyo hivyo. Maana yake, ile robo ya Coulomb haitoki katika umeme peke yake. Yatoka pia katika mahali tunapokaa, penye vipimo vitatu: urefu, upana na kimo.

Sasa ondoeni kimo. Fikirini dunia iliyo bapa kama uso wa ziwa siku isiyo na upepo. Hapo nguvu yajaza duara, si tufe. Ukizidisha umbali mara mbili, duara limekuwa refu mara mbili, na kila sehemu yake imepata nusu. Kisha ondoeni na upana. Umebaki mstari mtupu, kama mwanzi mrefu unaopitisha maji. Maji yaingiayo huku ndiyo yatokayo kule, hata mwanzi ukiwa na urefu wa kilometa mia. Katika dunia ya mstari nguvu ya umeme haipungui kamwe. Chaji mbili zilizoachana hatua moja, na chaji mbili zilizoachana safari ya siku tatu, zavutana sawasawa.

Wanafunzi wetu walidhani kwamba hilo ni badiliko la hesabu tu. Kumbe lageuza kila kitu. Tazameni atomu ya hidrojeni, ambamo elektroni moja imeshikwa na protoni moja. Kuing'oa elektroni hiyo kabisa kwahitaji nishati, yaani akiba ya nguvu ya kufanya kazi, ya elektronivolti 13.6. Ukilipa deni hilo, elektroni yaenda zake. Lakini katika dunia ya mstari deni haliishi. Mita ya kwanza ina bei yake, mita ya pili ina bei ileile, na mita ya elfu vilevile. Hakuna mtu mwenye mali ya kutosha kununua uhuru wa elektroni moja.

Na hapo bado hatujagusa elimu yenyewe tuliyotaka kuwasimulia, ambayo wataalamu huiita elektrodinamiki ya kwantamu. Elimu hiyo yaeleza jinsi elektroni na mwanga vinavyotendeana. Tomonaga wa Japani, pamoja na Schwinger na Feynman wa Marekani, waliinyosha katika miaka ya 1940, na kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1965. Yafundisha kwamba nishati ikikusanyika ya kutosha, elektroni na ndugu yake wa chaji kinyume, aitwaye positroni, huzaliwa pamoja mahali palipokuwa patupu. Si hadithi, positroni ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1932. Basi, vuta chaji mbili katika dunia ya mstari. Nishati yajilimbikiza kati yao kama katika mpira unaovutwa. Mwishowe mpira wakatika, lakini penye kukatika pamezaliwa elektroni na positroni, na kila mmoja amekimbilia mwenzake. Ulitaka kuwatenga wawili, nawe umepata jozi mbili.

Wataalamu hao wana desturi ya kusema «nishati ndogo» pale ambapo sisi tungesema «kwa mbali na polepole». Kuchungulia kitu kwa karibu sana kwahitaji nishati kubwa. Kukitazama kwa mbali kwahitaji ndogo. Katika dunia yetu ya vipimo vitatu, umeme ukitazamwa kwa mbali ni mpole: kipimo cha nguvu yake chatulia penye 1/137. Ukiukaribia kwa nishati ya elektronivolti bilioni 91, chaongezeka kidogo, karibu 1/128. Katika dunia nyembamba mambo ni kinyume. Kwa karibu elektroni zaonekana kama watu huru. Kwa mbali ndipo uonapo kwamba zote zimefungwa kamba. Ndiyo sababu ya wataalamu kupenda kuuliza habari za nishati ndogo katika dunia hizo: huko ndiko umeme unakoacha kufanana na umeme tuujuao.

Julian Schwinger aliingia katika dunia ya mstari mwaka 1962, naye alikuwa na swali maalumu. Mwanga hauna uzito, na watu wengi wa elimu walisadiki kwamba hauwezi kuwa nao, kwa kuwa kanuni ya umeme ingevunjika. Schwinger alisema kwamba kanuni hiyo haikatazi. Ili kuonyesha, alichagua mahali ambapo hesabu zatoka kamili pasipo kukadiria: mstari mmoja, na elektroni zisizo na uzito wowote. Matokeo yake ni mafupi kiasi cha kuandikwa pembeni mwa ubao. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ilipata uzito. Na uzito huo ukizidishwa kwa wenyewe ni sawa na chaji ikizidishwa kwa yenyewe na kugawanywa kwa π. Msishangae kuona uzito ukitoka katika chaji. Katika dunia ya mstari chaji hupimwa kwa kipimo kilekile cha uzito.

Na elektroni zimekwenda wapi? Hazionekani tena. Kwa kuwa hazina uzito, kuzaliwa kwao ni rahisi. Ukiweka chaji yoyote mahali, mara hiyo hufunikwa na chaji kinyume, na aliye mbali haoni kitu. Iliyobaki ni ile chembe moja nzito, ambayo kweli ni elektroni na positroni zikicheza pamoja. Chini ya nishati ya uzito wake, dunia hiyo ni kimya kabisa.

Tena kuna jambo moja ambalo vitabu hulipita mbio, nasi hatupendi kulipita. Mwanga wa kweli hutikisika kwa ubavu, kama kamba ya mtoto arukaye, wakati wenyewe ukienda mbele. Lakini mstari hauna ubavu. Kwa hiyo katika dunia ya Schwinger hapakuwa na mwanga wa kusafiri tangu mwanzo. Chembe ile nzito ilitoka mahali pasipokuwa na mwanga wowote wa kuupa uzito! Darasani jambo hili lilizua ubishi wa saa nzima, na kengele ya kwenda nyumbani haikusikilizwa na mtu.

Masomo hayo twayafanya Jumamosi, saa nane hadi saa kumi, kwa hiari ya wanafunzi. Hayamo katika programu ya Serikali. Mwaka huu walikuwa saba, na mwenye bidii kuwapita wote ni yule aliyeuliza habari ya robo. Baba yake ni fundi wa milango na vitanda. Siku moja alitujia shuleni, mavazi yake yangali na vumbi la mbao.

«Jambo, walimu.»

«Jambo, Baba. Karibu, keti.»

Hakuketi. «Mtoto ananiambia kwamba kila Jumamosi mnasoma dunia isiyokuwako. Mimi ninalipa minervali ya dunia iliyoko. Mwaka huu anamaliza. Akianguka mtihani, ni nani atakayenirudishia mwaka?»

Tulimwonyesha alama za mtoto, nazo hazikupungua. Akasema, «Sikuulizi alama. Ninauliza faida.»

Wasomaji, msimcheke mzee huyu. Bei ya mbao imepanda, watoto wengine wako nyumbani wangojea zamu yao ya minervali, na kijana akikaa nasi Jumamosi mikono miwili yakosekana kiwandani. Tulijaribu kwanza kumjibu kwa njia ya historia. Tulimwambia kwamba baada ya Schwinger, mwaka 1963, Anderson wa Marekani alishika wazo lilelile na kulionyesha katika metali zinazopitisha umeme pasipo kizuizi chochote; kwamba mwaka 1964 Brout na Englert huko Bruksel, na Higgs huko Uskoti, walieleza kwa njia ya namna hiyo jinsi chembe zinavyoweza kupata uzito; kwamba chembe waliyoitabiri ilionekana mwaka 2012 huko CERN, karibu na Geneva. Tulimwambia tena habari za kwaki, zile chembe zilizomo ndani ya protoni, ambazo hakuna mtu aliyewahi kuona moja ikitembea peke yake. Nguvu inayozifunga si umeme, lakini mfano mwepesi kuliko yote wa kifungo chao ni mstari wa Schwinger.

Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, «Hiyo ni faida yao.»

Alikuwa na kalamu ya risasi nyuma ya sikio, jinsi mafundi wanavyoiweka. Tukamwomba. Kalamu ya risasi haina risasi ndani, mwajua. Ni grafiti, yaani kaboni. Na grafiti imepangwa kama karatasi juu ya karatasi. Karatasi moja ni safu moja tu ya atomu, na ukitaka rundo la unene wa milimita moja yahitajika karatasi kama milioni 3. Ukipiga mstari juu ya ubao wa mlango, karatasi hizo zavuliwa na kubaki juu ya mti. Mwaka 1947 Wallace, huko Kanada, alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya elektroni zinavyotembea ndani ya karatasi moja ya namna hiyo, ijapokuwa hakuna aliyekuwa nayo mkononi. Mwaka 2004 Geim na Novoselov wa Manchester, Uingereza, waliibandua kwa utepe wa gundi, utepe wa kufungia vifurushi, wakairudia mara nyingi mpaka ikabaki karatasi moja. Jina lake ni grafini. Walipewa Nobel mwaka 2010.

Humo elektroni zakaa katika dunia bapa, na zatembea kama zile zisizo na uzito, kwa mwendo wa kilometa 1,000 hivi kwa sekunde. Ni mwendo mkubwa, lakini wa mwanga waupita mara 300. Na kwa kuwa elektroni zaenda polepole hivyo, nguvu ya umeme yapata nafasi ya kuzishika: ile 1/137 yazidishwa mara 300 na kuwa kama 2. Nguvu ndogo ya umeme imekuwa kubwa ndani ya kalamu ya fundi. Mwaka 1994 watu watatu wa Uhispania, González, Guinea na Vozmediano, walitabiri kwamba nishati ikishuka, mwendo wa elektroni hizo utaongezeka. Mwaka 2011 ulipimwa katika grafini iliyotundikwa hewani, ukafika kilometa 3,000 kwa sekunde.

Hatukumficha kwamba grafini ni dunia nyembamba nusu nusu. Elektroni zimefungiwa katika karatasi, lakini nguvu yao ya umeme yatoka nje na kuzunguka katika vipimo vitatu, kwa hiyo ile robo ya Coulomb yabaki. Tena kwa kuwa mwendo waongezeka kwa nishati ndogo, nguvu ile iliyokuwa 2 yalegea. Kifungo cha mstari hakimo humo.

Mzee akairudisha kalamu nyuma ya sikio. «Sawa. Hiyo bapa imo katika kalamu. Na ile ya mstari imo katika kalamu gani?»

Lilikuwa swali zuri kuliko yetu. Tulimjibu kwamba haimo katika kalamu yoyote. Lakini mwaka 2016, huko Innsbruck, Austria, watu walipanga ioni nne za kalsiamu katika mtego wa umeme, wakaziamuru kwa miali ya leza zifuate sheria ya Schwinger, wakaona jozi za chembe zikizaliwa na kupotea jinsi hesabu ilivyosema. Hazikuwa elektroni na positroni za kweli. Ioni zilicheza sehemu yao, kama waigizaji jukwaani. Wataka kufika siku moja penye hesabu ambazo hakuna kompyuta ya kawaida iwezayo kuzimaliza.

«Nne tu?» akauliza. «Mimi nina watoto sita, na bado sijamaliza hesabu.»

Akacheka, nasi tukacheka. Kisha akakata shauri lake kama mtu akataye ubao: kijana aje Jumamosi hadi Pasaka, na baada ya Pasaka ni mtihani tu. Habari za Chuo Kikuu hakutaka kuzisikia kwa sasa. Tulimwahidi kwamba hatutamshawishi mtoto kwa siri, na ahadi hiyo tumeishika, ijapokuwa si rahisi.

Jumamosi zilizobaki tulizitumia kwa jambo moja alilolieleza Sidney Coleman wa Harvard mwaka 1976. Yeye alizipa elektroni za mstari uzito wao. Kisha akauliza: je, dunia hiyo ikiwa tayari na uwanja wa umeme ndani yake, kama kwamba chaji imewekwa katika kila mwisho wa mstari? Jibu lategemea ukubwa wa uwanja huo. Kila ukivuka chaji moja, uwanja hubadilika kwa kiasi cha chaji hiyo. Uwanja ukipita nusu ya chaji, jozi huzaliwa na kuupunguza, kwa sababu kufanya hivyo kwaokoa nishati. Ukiwa chini ya nusu, wabaki milele.

Na ukiwa nusu kamili? Hapo tuliwaachia wenyewe. Kijana wetu alisimama mbele ya ubao muda mrefu, akachora mstari, akaweka elektroni moja katikati. Upande mmoja akaandika nusu, upande mwingine akaandika nusu yenye alama ya kutoa. Kisha akasema polepole: «Nishati haijali alama. Pande zote mbili ni sawa. Basi elektroni ikisogea, hakuna anayelipa.» Ndivyo ilivyo. Katika hali hiyo moja tu kamba yalegea, na elektroni yatembea huru katika dunia ya mstari. Lakini kuna sharti: ikifuatana na nyingine, lazima zipishane, moja hasi, moja chanya, moja hasi. Mbili za namna moja zikifuatana, uwanja kati yao wapita kiasi, na deni larudi. Rafiki yake mmoja alisema hiyo ni kama foleni ya kisimani ambapo kila mvulana lazima asimame nyuma ya msichana. Hatukumkatalia.

Pasaka imepita. Kijana yuko katika mazoezi ya Mtihani wa Serikali pamoja na wenzake, na asubuhi ya Jumamosi twamwona akibeba mbao za baba yake. Sisi wawili tumeanza dunia bapa iliyo bapa kweli, ambamo hata nguvu ya umeme haitoki nje. Huko hakuna aliyepata hesabu kamili kama ya Schwinger. Swali ni hili: elektroni zisizo na uzito, zikitazamwa kwa nishati ndogo kabisa, je, zabaki bila uzito, ama zajipatia uzito zenyewe? Yasemekana lategemea aina ngapi za elektroni zimo. Zikiwa nyingi, zafunikana na kulegeza nguvu, nazo zabaki nyepesi. Zikiwa chache, labda sivyo. Mwaka 1988 Appelquist, Nash na Wijewardhana walipata mpaka uliopita 3 kidogo. Wengine, kwa hesabu za kompyuta, hawakuona mpaka wowote. Mmoja wetu asadiki mpaka upo. Mwingine hasadiki, na ubao umejaa hesabu za wote wawili. Juzi tulikuta chini ya mlango wa darasa karatasi iliyokunjwa, yenye vumbi la mbao, na ndani yake hesabu ya aina mbili za elektroni, imefika katikati.